Mto Ambao Haukuanikwa

Hapo zamani, asumini ilipokuwa ikiuzwa kwa kikombe na watu wakiinunua hata siku isiyo na harusi, palikuwa na mji ukiitwa Ndongoni, na katika mji huo palikuwa na dalali mwanamke. Ndiyo, mmesikia vizuri, mwanamke. Aliyekunja uso na aukunjue, maana Bi Mwanahawa aliwashinda madalali wote wenye kofia na bakora, na hadithi hii ni yake.

Bi Mwanahawa hakunadi ng'ombe wala mashamba. Alinadi vyombo vya nyumba zilizofiwa. Mtu akifa, arobaini ikapita, wenyewe wakawa mbali au nyumba ikawa ya kupanga na mwenye nyumba ameanza kupitapita mlangoni akikohoa, aliitwa yeye. Alikuja na ndoo, sabuni ya mche, nyundo, sindano na gundi, akajifungia humo siku tatu. Alifua kila nguo. Alisugua kila sufuria. Magodoro na mito aliitoa juani. Kiti kilichovunjika alikiunga. Siku ya nne alijifunga kanga kiunoni, akafungua mlango, akaita watu.

Alikuwa na sheria zake, na mji mzima ukizijua. Kabla ya mnada aliuliza mara tatu: "Kuna mwenye neno juu ya kitu chochote humu? Aseme sasa." Mtu akinyamaza, amenyamaza. Kasoro ya kitu aliitaja yeye mwenyewe kabla hajataja bei: "Kabati hili lina mchwa mguu wa nyuma, njooni mtazame." Yeye hanunui, wala ndugu yake hanunui, wala shoga yake hamnunulii, hata kijiko cha chai. Na kitu kikishavuka kizingiti kimekwenda, harudishi wala harudishiwi.

Watu walimwambia, Bi Mwanahawa, unajitesa bure, nguo za kuuza unazifulia nini, si atafua atakayenunua? Naye alikuwa na jibu moja tu.

"Jasho la mtu ni siri yake. Alipokuwa hai alilificha mwenyewe. Sasa kafa, nani amfichie?"

Katika kazi ile, alisema, nina watu watatu wa kuwatendea haki: anayeuza, anayenunua, na aliyekufa. Na aliyekufa ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa kuwa ndiye asiyeweza kuja kunilalamikia.

Basi mwaka mmoja akafa Bi Zeyana, mfunga vikuba.

Kama hamkuwahi kumjua mtu kama Bi Zeyana, poleni. Hakuna bibi harusi wa Ndongoni aliyetoka ndani bila kikuba chake, kishada cha maua ya kunukia, kifuani. Asubuhi alichuma asumini, vilua na mrihani, adhuhuri alifunga vikuba, jioni alijifukiza udi aliouchanganya mwenyewe na hakumfundisha mtu. Ukipishana naye njiani, ulifika kwako na harufu yake ingali imekushika. Ilikuwa na asumini ndani yake, ilikuwa na udi, na chini ya hivyo vyote palikuwa na kitu kingine kisichokuwa na jina, na hicho kilikuwa ni Zeyana mwenyewe. Watoto wa mtaa walimtambua wakiwa wamefumba macho. Walikuwa na mchezo wa hivyo, naye alijitia hajui.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Latifa, aliyeolewa na karani wa mashamba ya mkonge huko bara, akaondoka, na miaka kumi na moja ikapita asirudi hata mara moja. Bi Zeyana alipougua, akaugua miaka miwili, aliyemuuguza ni jirani yake, Bi Raya, muuza vitumbua. Alimwosha, alimgeuza, alimlisha uji kwa kijiko. Hakuombwa na mtu.

Arobaini ilipopita, Bi Mwanahawa akaletewa barua kutoka bara. Alivaa miwani yake akaisoma.

"Baada ya salamu. Nyumba irudishwe kwa mwenyewe. Vyombo vya mama viuzwe vyote, na kitakachopatikana kichimbe kisima cha msikiti, kiwe sadaka yake. Mimi sitaki kitu. Niwekee nguo moja tu aliyoivaa. Nitakuja mwenyewe kuichukua. Mwanao, Latifa."

Bi Mwanahawa akamjibu kwamba atafanya hivyo, akaingia nyumba ile kwa siku zake tatu. Akafungua sanduku la nguo, akaona nguo nyingi nzuri, akazipita zote. Aliyoivaa, binti amesema. Basi akatafuta ile hasa aliyoivaa, akaikuta imekunjwa chini ya mto: kanga ya rangi ya zabibu, imepauka, ambayo Bi Zeyana alijifunga mpaka siku yake ya mwisho. Kwa kuwa ilikuwa nguo ya ugonjwa, na kwa kuwa ilikuwa inakwenda mikononi mwa binti, aliifua kuliko zote. Aliifua kwa maji matatu. Alipoitia maji ya kwanza, harufu ya Bi Zeyana ikapanda kutoka kwenye beseni, ikamjaa usoni, naye akakaa pale mikono imo majini, hafui, kwa muda mrefu. Alimpenda yule mama. Kisha akafua. Maji yale hakuyamwaga barazani, aliyamwaga kwenye shina la asumini, maana aliona haya kuyamwaga njiani. Akaipiga kanga pasi, akaifunga katika karatasi safi, akaandika juu yake: Latifa.

Godoro aliliwahisha juani siku ya kwanza. Mto wa sufi aliuacha kwa siku ya tatu. Siku ya tatu ikanyesha mvua kutwa nzima, na siku ya nne watu walikuwa wamekwishaalikwa.

Mnada ukafunguliwa. Bi Mwanahawa akasimama juu ya kigoda.

"Kuna mwenye neno juu ya kitu chochote humu?"

Kimya.

"Kuna mwenye neno?"

Kimya.

"Kwa mara ya mwisho, kuna mwenye neno? Aseme sasa."

Nyuma kabisa, karibu na mlango wa uani, Bi Raya alikuwa amesimama na kikapu chake mkononi. Midomo yake ilicheza. Bi Mwanahawa aliiona ikicheza, akadhani anamsomea marehemu, akamwitikia amina moyoni, akaendelea.

Masufuria yakaenda. Kabati likaenda. Kitanda kikaenda. Ukafika mto.

"Mto huu," akasema Bi Mwanahawa, "ni wa sufi safi, haujaliwa na panya, haujatoboka. Foronya nimeifua. Ila mto wenyewe sikuuanika, mvua ilinizuia. Una harufu ya mwenyewe. Anayeona kinyaa asinunue, asije akasema sikusema."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, nani atalaza kichwa pahali pa maiti? Mwingine akasema, tupeni jaani. Bi Mwanahawa akasubiri. Mwisho mkono mmoja ukapanda, mkavu, wenye sugu vidole vyote: mkono wa Mzee Ngwali, msokota kamba, mtu aliyekuwa akiishi peke yake na ambaye macho yake yalikuwa yanafunga ukungu mwaka hadi mwaka. Hakuuliza bei mara ya pili. Alilipa alichotajiwa, akavua koti lake, akaufunika mto kwa koti, akatoka nao kifuani. Mvua ilikuwa bado inanyesha, ikamlowesha yeye.

Siku tatu baadaye Latifa akashuka kutoka bara.

Alifikia kwa Bi Raya, kwa kuwa kwa mama yake palikwisha kuwa na kufuli. Jioni ile ile, Bi Raya yuko nyuma yake, akabisha hodi kwa dalali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Pole, karibu, kaa." Bi Mwanahawa akaleta kifurushi kwa mikono miwili. "Hii hapa amana yako. Ndiyo aliyoivaa mpaka siku ya mwisho, mimi mwenyewe nimeitafuta."

Latifa akafungua karatasi. Akaishika kanga, akaijua. Akajifunika uso nayo, akavuta pumzi kwa nguvu. Akavuta tena. Akaigeuza upande wa pili akavuta tena, kisha akaishusha taratibu mapajani.

"Nani kaifua?"

"Mimi, mwanangu. Kwa mikono yangu."

"Inanuka sabuni," akasema Latifa. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na ingekuwa heri ipande. "Mama, niliomba nguo aliyoivaa. Nguo nzuri ninazo. Nilitaka nivute harufu yake mara moja. Niwapelekee na watoto. Wako watatu, hawakumwona hata siku moja. Nilitaka niwaambie, njooni, nuseni hapa, huyu ndiye bibi yenu."

Bi Mwanahawa akakaa chini kwenye mkeka, ghafla, mtu mzima yule. Katika miaka ishirini hakuwahi kuambiwa kosa katika kazi yake, na leo kosa lake lilikuwa ni ule uzuri wa kazi wenyewe. Akakumbuka beseni. Akakumbuka alivyokaa mikono imo majini akivuta harufu ambayo haikuwa yake, na wala haikumpitia akilini kwamba kuna mtu anaisafiria. Akalia. Siwafichi, alilia kwa sauti, na Latifa akamshika bega, na haya yakamzidi kwa kuwa anayebembelezwa alikuwa yeye.

Kisha akanyamaza, akafuta uso.

"Mto," akasema. "Mto sikuuanika."

Nyuma ya Latifa, Bi Raya akashtuka.

Wakenda wote watatu kwa Mzee Ngwali. Walimkuta uani anasokota kamba kwa kupapasa. Bi Mwanahawa akamweleza yote, hakuacha kitu: barua, kanga, sabuni, kosa lake. Mzee Ngwali akasikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani, akatoka na sanduku dogo la mkangazi, akalifungua. Mto ulikuwa umo ndani, umefungwa kwa shuka mbili.

"Mzee, huulalii?" akauliza Latifa.

"Nikiulalia utanuka Ngwali," akasema mzee. "Nafungua mara moja kwa siku baada ya alasiri, navuta pumzi tatu, nafunga. Hata hivyo unapungua. Mwezi wa tatu hautafika."

Akautoa, akaupakata.

"Binti yangu, mimi nilimposa mama yako mara tatu baada ya baba yako kufa. Alinikataa mara tatu, na mara zote tatu alinipa chai. Hakunifanyia ubaya. Tangu hapo kila Alhamisi nilimpelekea kamba za kufungia miche yake, naye akanibandika kikuba kwenye kanzu, nikaondoka. Basi, hayo tu, miaka kumi na minane. Sasa macho yangu yamekwisha, na nikwambie kweli, uso wake nimeusahau. Najaribu usiku na mchana, hauji. Nikifungua sanduku hili unakuja. Sikumwibia mtu. Nilinyoosha mkono mchana, mbele ya watu, wote mkanicheka. Dalali alitaja kasoro ya mto, nami nikanunua ile kasoro. Mto ni wangu."

Bi Mwanahawa akainamisha kichwa. Kweli, kimevuka kizingiti.

Ndipo Bi Raya, aliyekuwa amesimama kando muda wote, akaweka kikapu chini.

"Na mimi niseme," akasema. "Sikusema siku ile, leo nasema. Sufi hiyo imetoka mti wangu. Nimetoa mbegu moja moja kwa vidole. Mto nimeushona mimi alipoanza vidonda vya kulala, asiumie. Wiki ya mwisho alinishika mkono akaniambia, Raya, mto huu nikifa ukae nao wewe. Tulikuwa wawili, na Mungu."

"Niliuliza mara tatu, Bi Raya," akasema dalali kwa upole. "Nilikuona."

"Uliuliza, na nyumba imejaa watu. Ningesema nini? Wangesema, kumbe Raya kauguza miaka miwili akivizia mto. Niliona haya." Akajipangusa kwa upindo wa buibui. "Mimi sina mume hapa wala mtoto. Miaka miwili nimeamka kwa ajili yake. Mpaka leo alfajiri nasikia ananiita, nanyanyuka, nakwenda hadi mlangoni kwake nakutana na kufuli. Nikiwa na mto ule, labda ningelala. Mto ni wangu."

Latifa akamtazama Bi Raya, ambaye usiku ule yeye Latifa angelala nyumbani kwake na kula chakula chake, na uso ukamwiva kwa haya. Hata hivyo alisema.

"Mimi sikumuuguza. Sikumzika. Kila mwaka nilisema mwakani. Ninyi wawili mnamjua kuliko nimjuavyo, na mimi ndiye niliyetoka tumboni mwake. Mzee Ngwali ana miaka kumi na minane ya Alhamisi. Bi Raya ana miaka miwili ya kila siku. Mimi sina kitu, nina kanga inayonuka sabuni. Lakini niliomba. Kabla ya mnada, kabla ya mtu yeyote kunyoosha mkono, niliandika nikaomba kimoja tu katika nyumba yote, nikaahidiwa, na nilichoomba ni hiki. Mto ni wangu."

"Tuugawe," akasema Bi Mwanahawa. "Nitaupasua, nishone mitatu."

"Hapana!" wakasema wote kwa pamoja. Bi Raya akasema, sufi ukiifungua hewani inapaa, na yeye atapaa nayo.

"Basi mkae nao kwa zamu."

"Zamu ya pili itanusa nini?" akauliza Mzee Ngwali. "Na huko bara, watoto watatu wakiulalia wiki moja, utarudi ni wao. Mto humfuata aliye juu yake."

Kisha mzee akanyanyuka kwa kupapasa, akauweka mto juu ya mkeka, mbele ya magoti ya dalali.

"Siutoi," akasema. "Ila siwezi kukipakata kitu kinachomliza binti yake Zeyana. Sema wewe. Ukisema ni wangu nitauchukua, na sitaona haya."

"Sema wewe," akasema Bi Raya.

"Sema, mama," akasema Latifa.

Bi Mwanahawa akaweka kiganja chake juu ya mto. Watu watatu wa kuwatendea haki, alikuwa akisema, miaka yote ile, na hakuwahi kuwaona wamekaa mkeka mmoja. Aliyeuza ni huyu hapa, na ombi lake moja yeye dalali alilifua kwa maji matatu. Aliyenunua ni huyu hapa, na kununua kwake kulikuwa halali na safi, na yeye dalali ndiye aliyesema kikivuka kimekwenda. Na aliyekufa, yule anayemwogopa zaidi, neno lake liko mdomoni mwa huyu wa tatu, bila shahidi, na midomo ile aliiona ikicheza siku ya mnada akaipita. Hata yeye mwenyewe alitamani kuinama avute pumzi moja tu. Hakuinama. Hakuwa na ruhusa, hata kijiko cha chai.

Akafungua kinywa aseme.

Hapo ndipo mimi ninapowaachia ninyi, kwa kuwa huko Ndongoni mpaka leo wapo wanaoapa kwamba alisema hivi na wapo wanaoapa kwamba alisema vile, na nimeona ndugu wa baba mmoja wakinuniana kwa sababu yake. Latifa aliyeomba kwanza, Mzee Ngwali aliyenunua mchana, au Bi Raya aliyepewa na mwenyewe akaona haya kusema: je, nani alistahili mto ule? Semeni, jamani, na mseme upesi. Sanduku liko wazi, mto uko juu ya mkeka, na uani kwa Mzee Ngwali upepo umeanza kuvuma.